Kura ya Hapana na Sababu Zake: Namna Kamati za Viwango Zinavyosuluhisha Mabishano

Karatasi ya A4, ambayo mwanafunzi huandikia majibu na mwalimu huandalia masomo, ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Vipimo hivyo vilianza Ujerumani mwaka 1922, na mwaka 1975 vikatangazwa kuwa kiwango cha kimataifa na Shirika la Kimataifa la Viwango, lijulikanalo kwa herufi ISO. Hakuna sheria ya maumbile inayolazimisha karatasi iwe na upana huo. Sheria ya Ohm haikupigiwa kura na mtu yeyote, wala haitabatilika hata dunia nzima ikiipinga. Lakini upana wa karatasi, ukubwa wa nati na bolti, na mpangilio wa pini za plagi ni mambo ambayo watu hawana budi kukaa na kuafikiana. Hapo ndipo sayansi inapokutana na kamati, na kamati, kama ajuavyo kila mwalimu aliyewahi kuhudhuria kikao cha walimu, haikosi mabishano.

Makala haya yanaeleza jinsi mabishano hayo yanavyosuluhishwa pale yanapofikia hatua ya kura. Ni jambo ambalo vitabu vya sayansi hulipita kimya, ingawa vifaa vingi vilivyomo ndani ya maabara ya shule vimepitia humo.

Ubishi wenye wastani

Kuna ubishi wa aina iliyo rahisi, nao ni ule unaohusu namba moja. Mfano wake mashuhuri ulitokea katika Kamati ya Kimataifa ya Ushauri wa Simu na Telegrafu, ambayo hadi mwaka 1993 ilijulikana kwa herufi CCITT. Katika miaka ya 1980 wahandisi wa kamati hiyo walikuwa wakitayarisha mtindo mpya wa kusafirisha habari katika mitambo ya simu, uitwao ATM (jina ambalo halihusiani na mashine za kutolea fedha benki). Katika mtindo huo sauti, picha na maandishi vyote hukatwakatwa katika vifurushi vidogo vyenye ukubwa ulio sawa. Swali lilikuwa: kila kifurushi kibebe baiti ngapi?

Sauti ya simu, ikigeuzwa kuwa tarakimu, hutoa baiti 8,000 kwa kila sekunde, yaani baiti 8 kwa kila milisekunde. Kifurushi hakiwezi kuondoka mpaka kijae. Kwa hiyo kifurushi cha baiti 32 husubiri milisekunde 4, na cha baiti 64 husubiri milisekunde 8. Ucheleweshaji ukizidi, msemaji huanza kuusikia mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Marekani ni nchi pana, na kwa simu zake za masafa marefu ilikuwa tayari inatumia vifaa vya kuzuia mwangwi. Ikapendelea baiti 64, kwa kuwa kifurushi kikubwa hupoteza nafasi ndogo zaidi kwa ajili ya anwani. Nchi za Ulaya, na hasa Ufaransa, zilitaka 32 ili simu za ndani ya nchi zipite bila ya kuhitaji vifaa hivyo. Mwaka 1989 ikaafikiwa 48, ambayo iko katikati kabisa ya namba hizo mbili. Zikiongezwa baiti 5 za anwani, kifurushi kizima kina baiti 53.

Hakuna upande ulioingia katika mjadala ukiitaka 48. Wako wahandisi wanaoicheka namba hiyo hadi leo, na kicheko chao kina haki yake, kwani 53 ni namba tasa isiyogawanyika kwa urahisi katika kumbukumbu za kompyuta. Hata hivyo ubishi ulikwisha na kazi ikaendelea. Ila suluhisho la namna hii huwezekana tu pale ambapo mambo yanayobishaniwa yako juu ya mstari mmoja, kama vijiji viwili vilivyoko kwenye barabara moja. Mabishano mengi ya kiufundi hayana wastani. Mmoja akisema kwamba tarehe fulani ilikuwa Jumapili na mwingine akisema ilikuwa Jumatatu, hakuna siku ya katikati ya kuwaridhisha wote wawili.

Kuridhiana na kuhesabu

Kanuni za ISO zinataka kiwango kipatikane kwa maafikiano, na zinaeleza kwa uangalifu maana yake. Maafikiano si lazima yawe sauti moja. Yanapatikana pale ambapo hakuna kundi muhimu linaloendelea kushikilia upinzani wake juu ya jambo la msingi, na ambapo kila hoja imesikilizwa na jitihada imefanywa ya kuzipatanisha hoja zinazogongana. Kiswahili kina neno linaloikaribia zaidi maana hiyo, nalo ni kuridhiana. Aliyeridhia huenda hakufurahi; lakini amesikilizwa, amejibiwa, na hataizuia njia.

Iwapo ni hivyo, kura ni ya nini? Kura katika kamati ya viwango ni chombo cha kupimia, kama kipimajoto. Huonyesha kama upinzani upo, uko wapi na una nguvu kiasi gani. Ndiyo sababu anayepiga kura ya hapana hutakiwa kutoa sababu za kiufundi, na aweza kueleza ni marekebisho gani yakifanywa yataigeuza kura yake kuwa ya ndiyo. Kura ya hapana isiyo na sababu za kiufundi haihesabiwi kabisa. Vilevile haziruhusiwi kura za ndiyo zenye masharti: anayetaka marekebisho ya lazima hana budi kusema hapana na kuyataja. Mwanafunzi aliyezoea uchaguzi wa viranja ataona ajabu, kwani huko kura haiulizwi sababu. Lakini uchaguzi huo humtafuta mtu mmoja wa kushika nafasi, na kamati hii hutafuta makosa yaliyomo katika maandishi.

Katika ISO kila nchi huwakilishwa na shirika moja la viwango, nalo lina kura moja bila kujali ukubwa wa nchi. Kwa Kenya ni shirika lililoundwa mwaka 1974, na kwa Tanzania ni lile lililoundwa mwaka 1975. Baadhi ya mashirika huwa wanachama washiriki wa kamati fulani, wenye wajibu wa kupiga kura na kuchangia kazi. Mengine huwa watazamaji. Kwa rasimu inayopita katika njia ya haraka ya kamati ya pamoja ya ISO na IEC (yaani Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme), masharti yaliyotumika katika kisa kinachofuata yalikuwa mawili. La kwanza, theluthi mbili au zaidi ya kura za wanachama washiriki ziwe za ndiyo. La pili, kura za hapana zisizidi robo ya kura zote zilizopigwa na mashirika ya nchi zote. Wanaojizuia hawahesabiwi katika sharti lolote. Mwalimu wa hisabati ataona mara moja kwamba asili za sehemu hizo mbili ni tofauti, na kwamba rasimu yaweza kutimiza sharti moja ikashindwa katika jingine.

Rasimu namba 29500

Mwishoni mwa mwaka 2006 chama cha viwango kiitwacho Ecma International, chenye makao yake Geneva, kilipitisha kiwango cha jinsi ya kuhifadhi barua, lahajedwali na maonyesho ya kompyuta ndani ya mafaili. Asili yake ilikuwa programu za kampuni ya Microsoft, na urefu wake ulikuwa kurasa zipatazo 6,000. Kikapelekwa ISO kwa njia ya haraka, kikapewa namba 29500. Ubishi ulikuwa mkali tangu mwanzo, kwa kuwa mwaka huohuo wa 2006 ISO ilikuwa imekwisha kupitisha kiwango kingine cha kazi hiyohiyo, namba 26300, na wako waliouliza viwango viwili vya nini. Wengine walijibu kwamba mabilioni ya mafaili ya zamani yalihitaji kiwango kinachoyaeleza kama yalivyo.

Kura ilifungwa tarehe 2 Septemba 2007. Mashirika ya nchi 87 yalipiga kura: 51 yakasema ndiyo, 18 yakasema hapana, na 18 yakajizuia. Miongoni mwa wanachama washiriki 41, kura za ndiyo zilikuwa 17, za hapana 15, na waliojizuia 9. Sehemu ya kwanza basi ni 17 kwa 32, yaani asilimia 53. Zilihitajika kura 22, kwani theluthi mbili ya 32 ni 21 na kitu. Sehemu ya pili ni 18 kwa 69, yaani asilimia 26. Na kwa kuwa robo ya 69 ni 17 na robo, rasimu ilivuka mpaka wa sharti la pili kwa kura moja tu.

Hesabu hii inafaa kuchezewa darasani. Ili kutimiza sharti la kwanza ilitosha wanachama washiriki 5 waliosema hapana wageuke na kusema ndiyo, kwani 22 kwa 32 ni asilimia 68.75. Lakini kama wangegeuka kwa kujizuia tu, watano wasingetosha, wala sita: 17 kwa 26 ni asilimia 65 na kitu. Walihitajika 7, ili sehemu iwe 17 kwa 25. Kujizuia, ambako watu wengi hukudhani kuwa ni kukaa kando, kumbe husogeza mizani. Na mwanafunzi ataweza kuthibitisha mwenyewe kwamba huisogeza kwa nguvu ndogo kuliko kura kamili.

Matatizo hayakuwa ya hesabu peke yake. Nchini Sweden shirika la viwango lililazimika kuifuta kura ya nchi yake mwaka 2007, baada ya kudhihirika kwamba mpigaji kura mmoja alikuwa amepiga zaidi ya mara moja. Kura iliyopigwa kinyume cha utaratibu haiwezi kurekebishwa kwa hoja. Hutupwa tu, hata kama aliyeipiga alikuwa na haki katika jambo lenyewe.

Siku tano za Geneva

Rasimu iliyoshindwa haikufa. Kanuni zilitoa nafasi ya kuitisha kikao cha usuluhishi wa kura, ambamo sababu za waliokataa hujadiliwa moja baada ya nyingine, na rasimu hurekebishwa kwa kadiri inavyokubalika. Baada ya kikao hicho kila nchi hupewa siku 30 za kuamua kama itabadili kura yake. Huu ni utaratibu wenye busara, na ubora wake unaonekana katika pingamizi moja iliyotolewa na nchi kadhaa.

Lahajedwali huhifadhi tarehe kama namba: 1 ni tarehe 1 Januari 1900, 2 ni siku iliyofuata, na kuendelea. Rasimu iliagiza kwamba mwaka 1900 uhesabiwe kuwa mwaka mrefu, wenye siku 366. Lakini katika kalenda inayotumika duniani mwaka unaomalizia karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa. Kosa hilo lilirithiwa kutoka kwa programu ya miaka ya 1980 iitwayo Lotus 1-2-3, na lilikuwa limeachwa kwa makusudi ili mafaili ya zamani yaendelee kusomeka. Matokeo yake, siku zote za kabla ya Machi 1900 hupewa jina la siku ya juma lisilo lake: tarehe 1 Januari 1900, iliyokuwa Jumatatu, huitwa Jumapili. Waliokataa walisema kwamba kiwango cha kimataifa hakiwezi kuamuru kosa la kalenda. Waliotetea walisema kwamba kulifuta kungeharibu mafaili yaliyokwisha kuandikwa. Pande zote mbili zilisema kweli.

Suluhisho halikuwa wastani. Kiwango kiligawanywa katika namna mbili: moja kali, kwa ajili ya kazi mpya, na nyingine ya mpito, kwa ajili ya mafaili ya zamani, na kalenda yenye kosa ikawekwa katika ile ya mpito. Aliyepinga alipata alichokitaka, na aliyetetea hakupoteza kitu. Kura ya hapana yenye sababu ilikuwa imefanya kazi ambayo kura ya ndiyo isingeweza kuifanya.

Laiti pingamizi zote zingeshughulikiwa hivyo. Nchi zilizopiga kura zilikuwa zimewasilisha maoni 3,522, ambayo yalikusanywa na kupewa majibu 1,027. Kikao kiliwekewa siku tano, kuanzia tarehe 25 hadi 29 Februari 2008, kikihudhuriwa na wajumbe zaidi ya 100. Kama wangefanya kazi saa saba kila siku bila ya kupumzika, wangekuwa na dakika 2,100, yaani dakika mbili hivi kwa kila jibu. Bila shaka haikuwezekana. Sehemu ndogo tu ya majibu ilijadiliwa mezani. Mengi yaliyobaki yalipigiwa kura kwa karatasi, kila ujumbe ukiweka alama ya ndiyo, hapana au kujizuia. Kipimajoto kikageuzwa kuwa dawa. Mwenyekiti hakuwa na njia nyingine katika muda aliopewa, na kumlaumu yeye ni kukosa haki. Kosa lilikuwa katika kuipeleka rasimu ya kurasa 6,000 kwenye njia iliyotengenezwa kwa ajili ya rasimu fupi zisizo na ubishi.

Mwezi mmoja baadaye matokeo yalikuwa haya: wanachama washiriki 24 kwa 32 walisema ndiyo, yaani asilimia 75, na kura za hapana zilikuwa 10 kwa 71, yaani asilimia 14. Masharti yote mawili yalitimia na rasimu ikapita.

Rufaa

Ushindi wa hesabu haukuleta kuridhiana. Norway, iliyosema hapana mwaka 2007, ilisema ndiyo mwaka 2008 ingawa wengi wa wataalamu wa kamati yake walikuwa wakipinga. Shirika la nchi hiyo lilikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo, kwani kamati ilikuwa ya kushauri. Mwezi Oktoba mwaka huo wajumbe 13 kati ya 23 wa kamati walijiuzulu. Jambo hilo ni la kuzingatiwa na kila shirika dogo la viwango, ambalo wataalamu wake ni wachache na hufanya kazi ya kamati kwa kujitolea: kura moja ya kimataifa yaweza kugharimu miaka ya ujuzi uliokusanywa nyumbani.

Nchi nne zilikata rufaa: Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela. Malalamiko yao yalihusu utaratibu, likiwemo la uhaba wa muda wa kujadili pingamizi katika kikao cha Geneva. Rufaa katika mashirika haya haiulizi kama rasimu ni nzuri. Huuliza kama kanuni zilifuatwa. Ili rufaa iendelee, ilibidi iungwe mkono na theluthi mbili ya wajumbe wa halmashauri mbili zinazosimamia kazi za ufundi, moja ya ISO na moja ya IEC. Tarehe 15 Agosti 2008 ilitangazwa kwamba hakuna rufaa iliyopata kiasi hicho, na mwezi Novemba kiwango kikachapishwa.

Je, walalamikaji walikosea? Kwa maandishi ya kanuni, walishindwa. Kwa maana ya maafikiano kama ilivyoelezwa juu, hoja yao ilikuwa na uzito, kwani pingamizi iliyowekewa alama katika karatasi bila ya kujadiliwa imehesabiwa, haikujibiwa. Tofauti baina ya mambo hayo mawili ndiyo inayopaswa kumshughulisha mwenyekiti wa kamati yoyote ya ufundi kabla hajafikia kuomba kura: kuuliza nani bado anapinga, kwa sababu ipi, na neno gani katika rasimu likibadilishwa ataridhia. Kazi hiyo ni ya polepole na haina mashabiki. Kwa upande wa rasimu 29500 ilifanyika zaidi baada ya kelele kutulia, ambapo kikundi kazi kidogo kilikabidhiwa kiwango hicho kikawa kinapokea taarifa za kasoro na kuzisahihisha moja moja, bila ya magazeti kuandika lolote.

Mwalimu mwenye kompyuta ya shule yenye programu ya Excel aweza kuwaonyesha wanafunzi mabaki ya ubishi huo kwa dakika moja. Aandike namba 60 katika chumba kimoja cha lahajedwali, kisha aagize chumba hicho kionyeshe tarehe. Itatokea tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwapo.